Niliifuta Sura ya Kaneza kwa Pamba

Nina miaka sabini na mbili. Nakaa Buyenzi, hapa Bujumbura, mtaa niliozaliwa na ambao Mungu akipenda jeneza langu litatokea humo humo. Shule nilisoma miaka miwili, chuo cha Kurani mitatu, kwa hiyo mkikuta nimeandika ovyo mnivumilie. Nimebeba jambo miaka mingi na sasa limenilemea.

Lakini kwanza nianze na kiboko.

Nilikuwa na miaka kama minane. Kiboko alitoka ziwani, akapanda mpaka mtaani akila majani. Huku kwetu si ajabu, hata leo anaweza kukutokea. Ila yule alijipenyeza katikati ya kuta mbili za matofali mabichi nyuma ya nyumba ya seremala, akakwama! Mbele ukuta, nyuma hawezi kugeuka. Kulipokucha watu wakajaa. Wengine walitaka askari waitwe, wengine walikuwa wameshakuja na mabeseni ya nyama.

Akatokea mjomba wangu Ramazani, amevaa shati la kwendea msikitini. Akasema kiboko anamjua vizuri sana. Uongo mtupu... hakuwahi kumwona kiboko kwa karibu kuliko mimi! Akasema kiboko ni kama mbuzi, ukimwonyesha chumvi anakufuata. Akaletewa chumvi. Akapanda juu ya ukuta, akainama, akanyoosha mkono akiita, "Kuja, baba, kuja..."

Yule mnyama akajitikisa mara moja tu. Ukuta chini, mjomba chini, banda la kuku la seremala halikuonekana tena, na kiboko huyo, akaenda zake ziwani! Mjomba alivunjika mkono. Wakati wanamfunga vijiti, mnajua alisema nini?

"Si mumeona ametoka?"

Watu walicheka mpaka adhuhuri. Na mimi nilicheka. Lakini ndiye mjomba aliyekuja kunilea baba alipofariki, na ndiye aliyenifundisha kazi ya redio. Kabla hata ya kunionyesha namna ya kushika chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, alinifundisha sheria yake. Fundi hasemi "sijui". Ukisema hujui, mteja atakwenda kwa jirani, na jirani naye hajui, ila atanyamaza. Fundi anasema: "Niachie, njoo kesho."

Buyenzi nzima tulikulia katika neno hilo. Wa magari, wa saa, wa friji, wa cherehani... niachie, njoo kesho. Na nisidanganye, mara nyingi kesho ilipofika tulikuwa tumeshajua. Kitu kikikufia mjini, wenye maduka wakakwambia hiki tupa, unakileta Buyenzi na kinafufuka. Ndiyo sifa yetu.

Mara nyingi, nimesema. Si mara zote.

Vita vilikuwa vimetukalia karibu miaka kumi. Sitasimulia vita, kila aliyekuwa hapa anavyo vyake. Niseme tu kwamba mji ulikuwa kama chupa iliyozibwa. Barabara za kutoka zinafungwa na kufunguliwa, saa za kuwa ndani zinabadilishwa, milimani kunanguruma, na sisi tumo humu humu tunaangaliana. Nilikuwa na kibanda changu cha mabati, na nje ya kibanda benchi la wateja. Mke wangu Mwamini alikuwa anauza maandazi pembeni. Redio zilikuwa nyingi, maana kila mtu alitaka kusikia habari.

Asubuhi moja akaja mtu mwembamba mwenye koti la kazini lililopauka. Akajitaja jina, Melkiori, anakaa Musaga, kusini mwa mji, karani wa serikali. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa katika kitambaa kama mtu aliyebeba kitoto kichanga. Akakifungua polepole. Kisanduku cheusi cha chuma, ukubwa wa kitabu kidogo cha sala.

Akaniambia ni disiki ya kompyuta. Mambo yote yanakaa humo, maandishi na picha. Lakini mdomo wake, pale waya unapoingia, ulikuwa umevunjika na kuingia ndani kama jino lililopigwa ngumi.

Nikamwuliza humo mna nini. Akaanza kueleza, na mimi, wasomaji wangu, laiti ningeziba masikio!

Mwaka uliotangulia, Musaga ilipigwa, watu wakakimbia usiku. Mkewe alikimbia na binti yao wa miaka sita, Kaneza. Mke alipatikana amekufa njiani. Mtoto hakuonekana. Melkiori akatafuta kila mahali, mahospitalini, makanisani, kwa masista. Kimya.

Sasa palikuwa na ofisi ndogo mjini ya watu waliokuwa wakitafuta watoto waliopotea. Walikwenda kambi za ng'ambo, Tanzania, wakawapiga picha watoto wasio na wenyewe, kila mtoto ameshika kibao chenye namba kifuani. Siku ya Ijumaa karani wa pale alimkalisha Melkiori mbele ya kompyuta, akampitishia picha moja moja. Na Kaneza akatokea! Mzima! Amekatwa nywele, amevaa gauni la mtu mwingine, lakini ni yeye.

Nikamwuliza, namba yake ngapi?

Yule mtu akainamisha kichwa. Akasema, "Muzee, mi nilimuangalia sura. Namba sikuiangalia."

Alilia hadi karani akamwambia aende nyumbani, arudi Jumatatu na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, watampa namba na jina la kambi. Jumamosi mabomu yakaanza. Ofisi ikavunjwa, kompyuta zikaibwa, makaratasi yakachomwa. Karani aliokoa kitu kimoja tu, hiyo disiki. Aliitia ndani ya begi, akakimbia, akaanguka nayo kwenye ngazi za mawe. Kabla hajaondoka mjini akamkabidhi Melkiori, akamwambia: watoto wote wamo humo, na mwanao yumo, itengenezeshe.

Alikuwa ameshazunguka maduka ya mjini. Wakamwambia waya hauingii, aipeleke Ulaya. Ndipo mtu akamwambia, nenda Buyenzi kwa fundi Saidi, ndiye mimi.

"Baba, unaweza?"

Kitu kama kile sikuwahi kukishika maishani. Kompyuta yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye duka la fotokopi tu. Lakini benchi lilikuwa limejaa wateja, na wote walikuwa wananitazama. Fundi wa saa wa kibanda cha pili naye amesimamisha masikio. Na yule baba ananiangalia kama mimi ndiye malaika...

Nikasema, "Niachie, njoo kesho."

Ee Mola! Neno dogo namna ile.

Siku ile ile umeme uliporudi nikaanza. Nikafungua kisanduku. Nikaona kile kibao cha kijani chenye vitone vya risasi, moyo ukatulia. Nikasema ah, kumbe ni kama redio tu! Mdomo uliovunjika ulikuwa na miguu minne. Nikachukua waya wa kompyuta, nikaukata, ndani mna nyuzi nne, nyekundu, nyeusi, nyeupe, kijani. Nikazichomelea moja kwa moja kwenye kibao. Rangi ipi iende upande upi? Nilikisia. Nyekundu nikaiweka kushoto, kwa sababu redio nyingi za Kijapani nilizozijua ziliiweka kushoto. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine!

Nikaipeleka kwenye duka la fotokopi, mwenye duka akachomeka. Ikatoka harufu. Mafundi wenzangu wanaijua harufu ile, haina dawa. Kompyuta ikazimika na mwenye duka akanifukuza, anapiga kelele njia nzima, "Fundi Saidi, unataka kuniua na njaa!" Ya kwake iliwaka tena. Disiki haikuwaka.

Hapo ningesimama. Hata hapo, wasomaji, bado mlango ulikuwa wazi, ila sikujua. Ningemwambia yule baba, nimeharibu, nimeshindwa, mtafute mwingine. Kumbe si kweli kwamba hakukuwa na mwingine. Lakini niliona aibu! Mtu mzima, mvi kichwani, msikitini naitwa fundi...

Kesho yake alikuja mapema. Nikamwambia kazi inaendelea vizuri, njoo kesho.

Nikaendelea kufungua. Chini ya kibao cha kijani mlikuwa na kitu kingine, kizito, kimefungwa kabisa, kina skurubu zenye kichwa cha nyota. Juu yake karatasi iliyobandikwa yenye maandishi ya kizungu. Baadaye niliambiwa yalisema usifungue. Mimi nilisoma nini? Nikakaa chini nikainoa bisibisi kwa tupa hadi ikaingia kwenye nyota zile, nikafungua.

Ndani, kioo! Duara linang'aa mpaka nikaona ndevu zangu. Na pembeni mkono mwembamba wenye ncha kama sindano. Nilicheka kwa furaha peke yangu. Nikasema, lo, kumbe ni santuri! Miaka mingi nilitengeneza gramafoni za Waswahili na Wagiriki wa mji huu, nani atanifundisha santuri? Santuri isipolia ina vumbi. Nikachukua pamba, nikailowesha spiriti, ile ile ya kusafishia vichwa vya kaseti, nikaifuta. Niliifuta vizuri sana, kwa kuzungusha, kwa upole, pande zote nilizoweza kufika. Mkono ule niliuinua kwa kucha nikafuta chini yake. Huku nasema bismillahi.

Sikuwahi kufanya kazi yoyote kwa mapenzi kama ile. Na kwa mapenzi yale nilifuta watoto wote wale, na Kaneza akiwemo.

Nilipofunga, kitu kilikuwa kinagonga ndani, tak, tak, tak, nikikitikisa. Nikajua kimekufa. Sikujua kwa nini, lakini nilijua.

Nikaanza maisha ya panya.

Melkiori alikuja kila siku ambayo barabara ya Musaga ilikuwa wazi. Kila siku nilikuwa na neno jipya. Kipuri kinatoka Dubai. Kipuri kimefika Dar. Meli imechelewa, unajua vita. Alinishukuru! Alinipa pole kwa usumbufu! Alikaa kwenye benchi langu akanisimulia Kaneza, jinsi anavyoogopa kuku, jinsi alivyomwita baba yake "Merikiyo" kama watu wazima walivyomwita, hakutaka kusema baba. Akawauliza wateja wangu wana watoto wangapi. Mwamini akawa anampa andazi na chai, akawa kama ndugu. Na kila nilipoinua macho kutoka kwenye redio yule baba alikuwa ananiangalia mikono.

Wiki zikawa miezi. Nilikonda. Mwamini akaniuliza una ugonjwa gani, nikasema tumbo.

Ningekimbilia wapi? Kijiji hatuna. Kusini barabara imefungwa, kaskazini watu wanauawa kwenye mabasi. Nilikuwa na kibanda kimoja, njia moja ya kwenda msikitini, na mtu mmoja kwenye benchi. Nilizunguka nyuma ya majumba nikiruka mitaro ya maji machafu, mzee mzima, ili nisipite mbele yake. Watoto wa mtaa walinitungia wimbo!

Siku moja nilimwona akitokea kwenye kona. Sikufikiri. Nikaingia kibandani, nikavuta mlango, nikafunga kwa ndani. Nikamfanyia Mwamini ishara kwenye tundu aseme sipo.

Nikamsikia anamwuliza, "Mama, fundi yuko?"

Mwamini akageuza maandazi kwenye mafuta. Akasema, "Ametoka, mwanangu."

"Basi nitamungojea."

Akakaa. Mgongo wake aliuegemeza kwenye mabati ya mlango, na mimi nimekaa chini upande wa pili, mgongo wangu kwenye mabati yale yale! Ilikuwa saa saba mchana, jua la Bujumbura, mabati yanawaka. Nilivua shati. Nilivua fulana ya ndani. Mkojo ulinibana hadi nikautoa ndani ya kopo la rangi, taratibu, uchi wa aibu, nikiomba lisilie. Na nje namsikia anaongea na wapita njia.

Mmoja akamtania. "We Melkiori, bado unaatamia? Yai gani hilo?"

"Fundi wangu hanidanganyi," akajibu. "Kazi yenyewe ni ngumu. Wa mjini walishindwa siku moja, yeye anapigana nayo miezi yote hii. Hata ndugu yangu asingefanya."

Niliuma kitambaa nisitoe sauti. Kuna kaburi lililo baya kuliko lile banda? Alikaa mpaka karibu na saa ya kuingia ndani, ndipo akaondoka kuwahi usafiri. Mwamini alifungua mlango akanitazama nilivyo. Usiku ule hakulala kitandani kwetu, alilala kwa wajukuu.

Asubuhi akaniambia kitu kimoja tu: "Baba Hawa, jana umenifanya mwongo mbele ya mfiwa. Mwambie, ama nitamwambia mimi."

Nikaapa nitamwambia Ijumaa. Nafsi ni mjanja, inapenda kesho.

Ijumaa haikungoja niseme. Kulikuwa na mtu wa Uvira, nchi jirani, jina lake Amisi, aliyekuwa anavuka na mzigo wake pale Gatumba kila mpaka ulipofunguliwa, anatuletea vipuri. Alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, amefanya kazi ya kompyuta Lubumbashi. Kwa muda mrefu hakuwa amekuja kwa sababu ya vita vya kwao. Siku ile akatokea na gunia lake, akatusalimu wote, Melkiori yuko kwenye benchi na andazi mkononi. Kabla sijamzuia akaona kisanduku juu ya meza.

"Aa! Papa Saidi, siku hizi unafanya disiki?" Akakiinua. "Mudomo ulivunjika? Hii si kitu. Hii ya nje ni koti tu, papa! Mutu mwenyewe iko ndani. Unamuvua hii koti, unamuvalisha ingine, dakika kumi. Niko nayo hapa kwa gunia."

Melkiori akasimama. Andazi likamwanguka.

Amisi akafungua. Akaona skurubu za nyota zimechubuka. Akafungua zaidi, akainua kile kioo kwenye jua, na sote tukaona mistari ya pamba yangu, duara juu ya duara, na mkwaruzo pale mkono wa sindano ulipokuwa umepinda.

"Nani alipanguza?" akauliza, sauti ndogo.

Kila mtu akaniangalia mimi.

Sasa nisimame kidogo. Ninayotaka kuwaambia nitayasema hapa, maana nikishaandika alivyoondoka kalamu itanishinda.

Nilimtafuta. Nilikwenda Musaga mara nne. Nyumba yake niliikuta ina watu wengine, wakasema ameuza kitanda akaondoka, labda Tanzania, anatafuta kambi moja baada ya nyingine. Vita vikaisha, wakimbizi wakarudi kwa malori, nikawa nasimama kando ya barabara naangalia wasichana. Nitamtambuaje? Sijawahi kumwona! Sura yake niliifuta kabla sijaiona. Kama alipatikana sijui. Kama hakupatikana sijui. Ndiyo adhabu yangu, na ni haki.

Enyi mafundi, nawasihi kwa jina la Mungu... na si mafundi tu. Madaktari wa mitishamba, mawakili, walimu, mashehe, baba na mama. Mtu akikuletea roho yake imefungwa kwenye kitambaa na hujui, mwambie hujui! Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi nilikimbia aibu ya dakika moja, nimeishi nayo miaka yote hii. Na ukiharibu, sema siku ile ile, kabla hujaharibu tena ukijificha. Usimfanye mtu akushukuru huku umemwua. Neno "njoo kesho" sikulitamka tena. Wateja walipungua, wakaenda kwa jirani. Waende!

Haya. Turudi pale kila mtu anaponiangalia.

Nilisema ni mimi. Nikasema nilidhani ni santuri. Nikasikia mtu mmoja kwenye benchi anacheka kisha anajizuia.

Melkiori hakupaza sauti. Alimgeukia Amisi kwanza, akamwuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza njia. "Kama singemuachia huyu muzee, ingepona?"

Amisi akaangalia chini. "Ndiyo, kaka."

"Dakika kumi?"

"Kama kumi."

Akanigeukia. Nilipiga magoti, pale pale kwenye vumbi mbele ya wateja wangu, nikashika suruali yake. Nilisema maneno mengi. Sikumbuki hata moja.

Akasema, "Muzee, ulijua toka lini?"

"Toka wiki ya kwanza."

Naona alikuwa anahesabu siku zote alizokaa pale, chai yote aliyokunywa. Kisha akaitoa mikono yangu kwenye suruali yake, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama unavyomtoa mtoto aliyelala. Hakunitukana. Natamani angenitukana! Disiki hakuichukua. Alimwambia Mwamini, "Asante, mama." Akaelekea kusini, kwenye jua, mikono mitupu. Nilimfuata mpaka kwenye kona nikimwita kwa jina, watu wanatoka kwenye milango yao kuangalia, na yeye hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Akavuka barabara. Hakurudi tena.